Aliyeachwa Nje ya Kitabu

Kijiji cha Kaviru, Embu
4 Juni 1956

Wakili amekubali. Wawira, wakili amekubali kuichukua kesi yako, tunaishtaki Serikali kwa ajili ya miguu yako na ile sindano yao.

Sasa ndiyo nikusalimu. Hujambo mwanangu? Sisi hatujambo. Naandika Kiswahili, usishangae. Barua za Kiembu hulala wiki tatu ofisini kwa D.O., afisa wa wilaya, mpaka apatikane mtu wa kuzifasiri, za Kiswahili hupita kwa siku mbili. Na wewe msomaji wa ofisi, kama macho yako yamefika hapa, nakusalimu pia. Mama yako alikulea vizuri, soma upesi uifunge.

Wakili ni Mhindi wa Nyeri, huja kortini Embu kila Alhamisi. Niliomba pasi ya kutoka kijijini nusu siku nikasema naenda sokoni, nikakaa kwenye baraza lake tangu asubuhi na kiondo changu. Wenye viatu wakaingia, wakatoka. Saa saba akaja mlangoni mwenyewe akauliza huyu mama anangoja nini. Nikampa ile barua ya daktari wenu wa misheni, nilikuwa nimeiweka ndani ya Biblia isikunjike. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza ni nani alinifundisha Kiswahili. Nikamwambia ni misheni, mpaka darasa la tatu, na la nne ningelimaliza kama baba yangu asingekuwa na haraka ya mbuzi wa mahari. Akacheka, Wawira. Mtu anayecheka hawezi kukufukuza.

Nilimweleza hivi, nawe akikuuliza useme hivi hivi. Kwamba mwezi wa pili tulipangwa mstari kijiji kizima, tukadungwa sindano ya homa ya matumbo, askari wa kijiji wakiwa nyuma na mikuki. Kwamba siku ya kumi uliamka ukasema miguu imelala na wewe umeamka. Kwamba wiki ile ile uso ukapinda, Munyi akakubeba kutoka kitandani mpaka langoni, gari la misheni likakupeleka Meru, nami nikanyimwa pasi ya kukufuata hadi leo. Hayo yanatosha. Mengine niliyaacha, nawe yaache.

Tunadai fidia. Si utajiri. Viatu vya chuma ambavyo daktari alisema vinatoka Nairobi, cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na kitu cha kukutunza mpaka uweze kujitunza. Nani mwingine hapa Kaviru ana mtoto wa kuandikiwa na wakili barua ya taipu? Mke wa Ireri, huyo bibi wa hedimani, mkuu wa kijiji chetu, amesikia na hajanisalimu tangu Jumapili.

Mtoto wa dada yako Mukiri anakua. Analia kama tarumbeta.

Ni mimi mama yako,
Cicily, wa nyumba namba 47


Hospitali ya Misheni, Meru
19 Juni 1956

Mama mpendwa,

Nimepata barua yako, asante. Ilikuwa imefunguliwa, ikafungwa vizuri kwa gundi.

Sijui niseme nini kuhusu kesi. Nimefurahi kwa kuwa wewe umefurahi. Hapa kila asubuhi sista hunishika dole la mguu, ananiambia nifumbe macho nimwambie analipeleka juu au chini. Mimi hukisia tu. Nikikisia sawa anaandika kwamba naendelea vizuri. Nimechoka kusifiwa kwa kukisia.

Jicho la kushoto sasa linafumba. Mikono imerudi, ndiyo hii naandika nayo. Miguu inasimama nikishika kitanda, lakini nyayo hazijui chini ni wapi. Daktari amenieleza kwamba mishipa ya fahamu imechunwa maganda yake, kama nyaya za umeme zilizovuliwa mpira, na kwamba amesoma habari za watu waliopata hivi baada ya sindano. Akasema hawezi kuapa kwamba ni sindano na hawezi kuapa kwamba si sindano. Mwambie wakili hivyo hivyo, asimwongezee maneno.

Kitanda cha pili amelala mama mmoja Msomali anaitwa Dhahabo, alivunjika nyonga. Mumewe Mohamud ana lori, hutoa miraa Kangeta na kuipeleka Nairobi kupitia huko kwenu. Dhahabo anasema nina bahati, mimi naumwa na Serikali, yeye ameumwa na ngazi ya jikoni, na ngazi haina wakili wa kuishtaki.

Nisalimie Mukiri na mtoto.

Binti yako,
Wawira


Ofisi ya Wakili, Nyeri
27 Julai 1956

Kwa Wawira binti Njagi,

Nimepokea majibu ya Serikali. Wanasema mambo mawili.

Kwanza, daktari wao hakubali kwamba sindano inaweza kudhuru mishipa ya fahamu namna hiyo. Juu ya hilo tutabishana nao.

La pili ni gumu zaidi. Kitabu cha kijiji cha Kaviru kilifungwa tarehe 15 Januari 1955. Nyumba namba 47 ni ya mjane Cicily na watoto wanne: Mukiri, Munyi, Misheck na Kanini. Katika kitabu cha sindano cha tarehe 16 Februari 1956, hao hao wanne wamedungwa na kila mmoja ametia kidole gumba. Jina la Wawira halimo katika kitabu chochote. Serikali inasema hukudungwa sindano siku hiyo, na kwamba unatumiwa na watu wanaotafuta fedha.

Nimemwandikia mama yako pia. Kama kuna jambo mlilonificha, nijulishe kabla sijasimama mbele ya hakimu bila kulijua.

Wakili wako,
H. Pranjivan


Hospitali ya Misheni, Meru
3 Agosti 1956

Mama,

Barua hii haipiti kwa msomaji. Mohamud ataitia mkononi mwako mwenyewe, kwa hiyo nitasema.

Kwa nini hukuniandikisha?

Uliniambia ati walikuja kuandika nikiwa bado Nchiru kwa shangazi. Mimi nilirudi kabla ya Krismasi, mama. Siku mwandishi alipoingia nilikuwa nyuma ya kiambaza, namenya viazi vitamu. Nilikusikia ukitaja majina. Mukiri. Munyi. Ukanyamaza kidogo. Misheck. Kanini. Nikasema labda nitatajwa mwisho. Kisha nikasikia mwandishi anauliza, hao tu? Nawe ukasema, hao wanatosha.

Sikukuuliza siku ile. Uliponiambia habari ya Nchiru nilikuitikia. Mwaka mzima nimekula unga wa mgao wa wengine, Kanini ananikatia ugali wake nusu. Sikuwahi kupata pasi, sikuwahi kwenda hata kisimani bila kupitia uani kwa watu. Munyi, aliyekula mbegu yetu ya mahindi usiku mmoja, aliandikwa.

Kisha siku ya sindano ukanikumbuka. Mukiri alikuwa na mimba ya miezi saba, wanawake wakasema sindano inakausha tumbo, ukamficha ghalani. Nyumba ikaitwa watu watano pamoja na wewe, mkawa wanne. Ukaniita. Ukaniambia, itika jina la dada yako na utie kidole. Nilifanya hivyo, na sikujuta, yule mtoto mimi nampenda bila kumwona.

Lakini sasa wakili anataka kujua mimi ni nani, na mimi sina la kumwambia. Nijibu hilo moja tu.

Wawira


Kijiji cha Kaviru, Embu
20 Agosti 1956

Mwanangu Wawira,

Salamu nyingi kama mvua ya Aprili. Barua yako nimeipata. Yule Mohamud ni mtu wa heshima, alikataa chai lakini akachukua ndizi.

Mambo uliyouliza si ya karatasi. Kuna macho mengi. Yote yana sababu yake na sababu ni nzuri, mama hana sababu mbaya. Nimemwambia wakili kwamba karani alikosea, watu wengi siku ile, jua kali. Pasta atatoa cheti chako cha ubatizo tuwaoneshe kwamba wewe ni wa nyumba hii. Cheti kina muhuri wa zambarau. Kitatosha.

Hapa nyumba yetu imesifiwa tena. Ireri alipita na D.O. wakikagua, akamwonesha ua wangu, akasema hii namba 47 haijatozwa faini hata mara moja tangu kijiji kijengwe. Mbele ya watu wote. Nilitamani ungekuwepo usikie. Hilo nalo ni jambo, Wawira, usilidharau. Jina zuri la nyumba ni lenu wote.

Nakutumia njahi, yale maharage meusi ya kwetu, kikombe kimoja, mwambie sista azichemshe sana.

Mama yako,
Cicily, wa nyumba namba 47


Hospitali ya Misheni, Meru
10 Septemba 1956

Kwa Bwana Wakili, Nyeri,

Nakusalimu kwa heshima. Naomba uiache kesi yangu. Serikali inasema kweli, jina langu halimo, na mwenye kulieleza hataki kulieleza. Mimi siwezi kumlazimisha.

Sina neno na wewe. Asante kwa kunisaidia.

Wawira


Kaviru
18 Novemba 1956

Dada yangu Wawira,

Ni mimi Mukiri. Unajua mimi na kalamu hatupatani, kwa hiyo usitafute makosa. Naipeleka kwa Mohamud.

Mama hakukuandikia kwa sababu hakumwandikia mtu. Wakili alimtumia habari kwamba wewe umeacha na kwamba atafunga faili mwisho wa mwaka. Mama aliisoma akaitia ndani ya Biblia. Siku nane hakujisifu. Hata kwa mke wa Ireri. Nikajua ni ugonjwa.

Siku ya tisa alifagia ua, akavaa ile nguo ya kanisani, akaniambia nimwangalie Kanini. Nikamuuliza unaenda wapi. Akasema anaenda kwa Ireri kumwambia kitabu chake ni cha uongo.

Hakurudi siku hiyo wala ya pili. Walimweka posti ya askari. Munyi alipeleka uji, wakamwaga. Ireri alikuja hapa amekasirika mpaka mate yanaruka, ati mama anataka kumwondolea kazi, yeye ndiye aliyetia sahihi. Akasema mama akirudia maneno hayo kortini atafungwa miezi sita, na mimi pia kwa kujificha siku ya sindano. Siku ya tatu wakamwachilia. Yuko nyumbani. Amekonda. Anasema nguo ya kanisani imeharibika kwenye pindo, ndilo jambo pekee analolalamikia.

Sindano ilikuwa yangu, Wawira. Mtoto sasa anakaa mwenyewe na anapiga mateke usiku, nami kila teke nalijua ni la nani. Wakinifunga wanifunge. Usimnyamazie mama. Ataandika, yuko karibu kuandika.

Mukiri


Kaviru
9 Desemba 1956

Mwanangu,

Hii inapita kwa lori. Nitasema yote, kisha sitarudia tena, hata uniulize nikiwa kitandani nakufa.

Unajua kwetu watu hawahesabiwi. Bibi yako akiulizwa ana mbuzi wangapi alikuwa anasema wapo wa kunipa maziwa. Wewe ulisoma, unaona ni ushamba. Mimi nami nilikuwa nimesoma, na nilikuwa najivuna. Mwaka wa arobaini na nane alikuja karani wa kuhesabu watu wa nchi nzima. Wanawake wenzangu wakamficha idadi ya watoto, huyu akitaja wawili, yule watatu. Mimi nikasimama mlangoni nikamwambia andika, sita. Nikawaita mmoja mmoja, mkajipanga mbele yake kwa urefu, mmeoga. Nilikuwa na umri wa kuringa. Nikamwambia hebu onesha mwanamke mwingine hapa mwenye sita na wote wana meno yao.

Kabla ya Krismasi ugonjwa wa surua ukamchukua Kathuri. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, unakumbuka. Hakuna aliyenilaumu. Walileta uji, wakakaa nami, wakaenda zao. Lakini nilijua wanafikiri nini, kwa sababu nami nilifikiri hivyo.

Kwa hiyo mwandishi wa kijiji alipokuja na kitabu kile kikubwa, nikasema moyoni, hawatawapata wote tena. Mmoja nitamweka nje. Nikataja Mukiri, nikataja Munyi. Hapo niliponyamaza, uliponisikia, nilikuwa nachagua. Nilisema, kifo kikija kusoma kitabu hiki, kisimkute nani? Nikakuacha wewe. Si kwa sababu ulizidi. Nilikuwa na watano, na ningeweza kuwalilia wanne.

Hilo si jambo la mama kusema, na dada zako na kaka zako wasilisome. Lichome.

Sikukwambia kwa sababu dawa ya kuficha ni kutosema. Unga ulipopungua nilikuona unavyoangalia sahani ya Kanini, nikauma ulimi. Nilijua umekasirika. Nikasema heri akasirike akiwa hai.

Kisha sindano ikaja na mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nikakutoa nilikokuficha nikakusukuma mstarini. Sikufikiri. Niliogopa faini, Wawira. Niliogopa watu waseme namba 47 ina mtu pungufu. Kila usiku tangu Februari nakaa na hilo, na mchana najisifu kwa sauti ili nisilisikie.

Wakili amesikia niliyomwambia Ireri, amekuja. Ireri alidhani amekuja kwa ajili yangu, kumbe amekuja kwa ajili ya kidole. Alisema hivi, na nilimwomba arudie: vidole gumba vya watu wawili havifanani. Kwenye kitabu cha sindano, mbele ya jina la Mukiri, kuna kidole chako. Kiko pale kimekauka tangu mwezi wa pili na hakuna aliyekitazama. Ila kitabu hakifunguliwi mpaka mtu wa nyumba hii aape kwamba jina na kidole ni vya watu wawili. Mtu huyo ni mimi. Alinieleza naweza kufungwa, hakunificha. Nikamwambia, Bwana, nimelala siku mbili posti, najua sakafu ilivyo.

Wewe uliiacha kesi. Nakuomba uichukue tena. Sikuombi unisamehe, hilo usiliandike kwenye barua.

Mama yako,
Cicily


Hospitali ya Misheni, Meru
2 Januari 1957

Mama,

Nimeichoma kama ulivyosema. Niliisoma mara moja tu, lakini nina kichwa kizuri, wewe ndiye unayewaambia watu.

Dhahabo aliniona nimekaa na majivu akaniuliza ni habari ya kifo. Nikamwambia hapana, ni kwamba mama yangu hajui kuhesabu. Akasema wa kwake pia hajui, akageuka ukutani akalala.

Nilikasirika, mama, na nitaendelea kukasirika kidogo kidogo, usidhani yamekwisha. Nilikaa mwaka mzima nikijiuliza nilifanya kosa gani. Kumbe sikufanya kosa. Sijui kama hilo ni jepesi kubeba kuliko lile la kwanza.

Daktari amesema kweli leo, bila kusifu. Nyayo hazitarudi zote. Nitatembea na chuma na fimbo. Natembea hatua kumi na mbili nikishika ukuta, kisha nalowa jasho kama mpasua kuni. Nimemwandikia wakili aendelee. Daktari atakuja nami kwenye gari la misheni na atasema vile vile, hawezi kuapa hivi wala vile, lakini ataeleza alichokiona.

Nitakuja. Ila nina sharti. Hakimu akikuuliza watoto wako, usinitaje wa mwisho kama kitu kilichosahauliwa. Nitaje mahali pangu, baada ya Munyi, kabla ya Misheck.

Wakikufunga, Kanini atakuja kulala kwangu, popote nitakapokuwa.

Wawira


Kijiji cha Kaviru, Embu
13 Januari 1957

Mwanangu Wawira,

Hii inapita posta, na msomaji aisome polepole, sasa hakuna kitu cha kuficha. Msomaji, andika pembeni kama unataka.

Tumeitwa. Hakimu ameamuru nyumba yote ije, kila mmoja atie kidole upya mbele yake, navyo vitalinganishwa na vya kitabuni. Pasi zimekuja, nimezishika. Nilizipanga mezani, nikaziondoa, nikazipanga tena. Moja ina jina lako. Ni mara ya kwanza jina lako kuandikwa na Serikali, na wamelikosea herufi moja, lakini ni wewe.

Ireri hanisemeshi. Mke wake alikuja uani kwangu jana, nikadhani amekuja kunicheka. Akasimama. Akaniambia kwamba yeye naye ana mmoja ambaye hayumo kitabuni, akaenda zake kabla sijamjibu. Sikumwambia mtu, na kwa hilo peke yake unajua mama yako amezeeka.

Nguo nimeishona pindo kwa mkono, si vizuri sana. Cherehani ikipatikana utaitengeneza. Isipopatikana nitaivaa hivyo. Wakili hakuniahidi kitu. Alisema Serikali ikishindwa kwa kidole itarudi kwa madaktari, na huko ni safari nyingine. Nimemsikia. Nimechoka, Wawira, sikudanganyi. Lakini mtu aliyechoka anaweza kukaa kwenye benchi na kungoja, na kazi hiyo mimi naijua. Nimefunga blanketi moja, kama nitalala huko.

Jana jioni nilijizoeza, nikawa peke yangu, kwa sauti. Mukiri. Kathuri, aliye chini ya udongo. Munyi. Wawira. Misheck. Kanini. Nimezaa sita, nimebaki na watano. Nilipomaliza nilikaa kidogo kusikia kama kuna kitu kitatokea. Kuku alipita.

Basi sikiliza. Mukiri atakuja na mtoto mgongoni, Munyi na Misheck watatembea mbele, Kanini nitamshika mkono mimi. Wewe utashuka kwenye gari la misheni, na usikubali mtu akubebe, tutakungoja pale pale chini ya ngazi hata hatua zako ziwe ngapi. Pasta atakuja. Hata shangazi wa Nchiru ameomba pasi. Ni kortini Embu, saa tatu asubuhi, siku ya Jumatano, tarehe ishirini na tatu Januari. Wote wanatakiwa.

Mama yenu,
Cicily